Kupunguza midomo ya uke: ni maumivu au ni aibu?

Hii ni mada ambayo huku kwetu husemwa kwa kunong'ona. Akina dada zaidi ya mmoja, wa Ukunda na wa Msambweni, wameniuliza kama kweli kuna upasuaji wa "kurekebisha huko chini", na kama unaruhusiwa. Upo, na unaruhusiwa kwa masharti. Basi tuyazungumze wazi, kwa heshima.

Upasuaji wenyewe huitwa labiaplasti. Daktari hupunguza midomo midogo ya uke, ile mikunjo ya ndani. Ama hukata ukingo uliozidi, ama hutoa kipande cha pembetatu katikati kisha akashona. Mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo, lakini hukaa takriban wiki 6 bila tendo la ndoa.

Wanaoutaka wana sababu za aina mbili. Ya kwanza ni maumivu: midomo inayochubuka mtu akivaa suruali ya kubana, akiendesha baiskeli au akikaa muda mrefu kwenye bodaboda, inayovutwa ndani wakati wa tendo la ndoa, au iliyochanika wakati wa kujifungua ikapona vibaya. Ya pili ni aibu: mtu haumwi popote, ila ameona picha mtandaoni, au mume ametamka neno, akajiona ana kasoro.

Kwa huyu wa pili nina habari njema. Mwaka 2005 madaktari wa London walichapisha vipimo vya wanawake 50. Upana wa midomo midogo ulianzia milimita 7 hadi 50. Yaani mmoja alimzidi mwenzake mara saba. Upande mmoja kuzidi mwingine pia ni kawaida. Isitoshe, urembo wenyewe hauna kipimo kimoja: Rwanda na Buganda, kwa mila, wasichana hufundishwa kuivuta midomo hiyo irefuke, kwa kuwa huko urefu ndio sifa. Kinachokatwa Ulaya, jirani zetu wanakitafuta.

Lakini hapa Kenya, tofauti kati ya maumivu na aibu ni jambo la sheria pia. Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya mwaka 2011 inakataza kukata viungo vya uzazi vya mwanamke pasipo sababu ya tiba. Inaruhusu upasuaji unaohitajika kwa afya ya mwili au ya akili, ufanywe na daktari. Haikutaja labiaplasti kwa jina, ila maneno yake ni mapana. Na mtu kusema "nilikubali mwenyewe" si utetezi. Machi 2021 Mahakama Kuu ilitupilia mbali kesi ya Dkt. Tatu Kamau, aliyedai mwanamke mzima aachiwe hiari yake. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Hata kumvusha mtu mpaka hapo Lunga Lunga ili akakeketwe ni kosa.

Kwa hiyo daktari anayekukubalia kwa simu, bila kukupima wala kuandika sababu ya kiafya, mkimbie. Anakuweka hatarini, naye yumo hatarini.

Madhara nayo yapo: kutoka damu, kuoza kidonda, mshono kufumuka, kovu linalouma, na ganzi mahali palipokuwa na hisia. Kilichokatwa hakirudi. Kwa msichana aliye chini ya miaka 18 asikubali mzazi yeyote, maana mwili bado unakua.

Ukisumbuka, anza na kituo cha afya, kisha omba barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Msambweni au ile ya Pwani, Mombasa, ukaonane na daktari wa wanawake. Muulize: Je, hili ni ugonjwa? Kuna tiba isiyo ya kisu? Umefanya upasuaji huu mara ngapi? Ikiharibika, nani atarekebisha? Hakikisha amesajiliwa na Baraza la Madaktari. Uvimbe mpya, kidonda kisichopona, mabaka meupe au upande mmoja uliobadilika ghafla, usingoje. Hayo yachunguzwe mapema. Na shabu, ndimu na sabuni kali zisipakwe huko, kwani huunguza na kuzidisha uvimbe.

Kwa Waislamu, masheikh kwa jumla hutenganisha kutibu dhara na kubadili maumbile kwa ajili ya urembo tu. Kamuulize unayemwamini, ukiwa na maelezo ya daktari mkononi.

Anayeumwa asione haya kutafuta tiba. Ni haki yake. Asiyeumwa, na akashinikizwa na maneno ya mtu, ajue kwamba kisu hakitibu maneno. Huyo aketi kwanza na mumewe, au na somo wake, wazungumze.