Kuonyeshwa Si Kupewa

Kumwonyesha mtu shamba si sawa na kumpa jembe alime. Tofauti hiyo iliamua hatima ya programu mbili mashuhuri za kompyuta.

Mtaalamu huandika programu kwa lugha inayosomeka, kabla haijageuzwa kuwa tarakimu za mashine. Mwenye maandishi hayo aweza kujifunza na kurekebisha. Katika miaka ya 1970 mwalimu John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, aliwatolea wanafunzi wake maandishi ya Unix, mali ya kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, pamoja na ufafanuzi wake. Toleo la Unix la mwaka 1979 likaja na leseni iliyokataza maandishi yake kufundishwa darasani. Kitabu cha Lions kikaendelea kurudufiwa chini kwa chini, hadi kilipochapishwa kwa ruhusa mwaka 1996.

Katazo hilo lilimsukuma Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam, Uholanzi, kuandika mfumo wake mwenyewe, Minix, uliotoka mwaka 1987 pamoja na kitabu. Kila mnunuzi aliweza kuusoma. Lakini haki ya kuusambaza ilikuwa ya mchapishaji. Aliyeuboresha aliruhusiwa kugawa viraka tu; mpokeaji ilimbidi kwanza anunue Minix, kisha avibandike mwenyewe.

Msomaji mmoja wa kitabu hicho, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, Finland, alitoa mfumo wake, Linux, mwaka 1991. Naye alianza na kufuli: asitozwe mtu hata senti, wala gharama za usambazaji. Lakini disketi hununuliwa. Nani angezigawa bure? Mwaka 1992 akabadili leseni: uza ukitaka, rekebisha ukitaka, mradi unayempa apate maandishi na haki zile zile.

Minix nayo ilifunguliwa mwaka 2000. Wakati huo mafundi wengi walikwisha kuhamia Linux, ambayo leo imo ndani ya simu zote za Android.

Hatumlaumu Profesa. Alitaka mfumo mdogo wa kufundishia, na mchapishaji alitaka fedha yake irudi. Lakini wenye bidii hawakungoja mlangoni. Basi, tukiambiwa programu fulani i wazi, tuulize leseni yake yasemaje: tunaruhusiwa kusoma tu, au na kurekebisha na kumpa jirani?