Penpoint, Darlite na Swali la Mlango

Tukitaja historia ya fasihi, wengi wetu tunakimbilia waandishi wakubwa. Vyama na majarida ya wanafunzi tunayaona mchezo wa watoto tu. Katika makala haya nadai kwamba humo ndimo ilimoamuliwa nani aitwe mwandishi Afrika Mashariki, na kipimo kilikuwa lugha.

Tuanze Makerere. Mwaka 1958 Idara ya Kiingereza ilianzisha jarida la Penpoint, wanafunzi wakapata pa kuchapisha hadithi na mashairi. Miongoni mwao alikuwamo kijana wa Kenya, James Ngugi, ambaye baadaye alijiita Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwaka 1965 mwalimu wao, David Cook, alitoa kitabu cha kazi za wanafunzi hao, Origin East Africa. Si haba!

Lakini lipo jambo. Juni 1962 ulifanyika hapohapo Makerere mkutano wa Waafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Ngugi, mwanafunzi bado, alistahili kuingia kwa hadithi fupi mbili tu, mojawapo ikiwa ya Penpoint. Shaaban Robert, mwenye vitabu kadhaa vya Kiswahili, hakustahili. Akafariki mwezi huohuo. Ngũgĩ mwenyewe ndiye aliyeieleza kasoro hiyo katika Decolonising the Mind (1986). Jamani, mwanafunzi ndani, mzee Shaaban nje! Simlaumu mwanafunzi, ubovu ulikuwa wa mlango.

Dar es Salaam nako likazuka Darlite mwaka 1966, na baadaye likaitwa Umma. Jina likawa la Kiswahili, ila Idara ya Fasihi iliyolilea iliendelea kufundisha kwa Kiingereza. Kubadili kibao cha duka si kubadili bidhaa.

Mkondo mwingine ulitokea Idara ya Kiswahili, iliyoanzishwa chuoni hapo mwaka 1970. Mwaka huohuo Euphrase Kezilahabi alihitimu, na mwaka 1971 riwaya yake Rosa Mistika ikatoka. Ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, wazazi na walimu wakabishana. Mimi naona ubishi ule ulikuwa heshima kubwa kwa mwandishi kijana, kwani watu hawagombani juu ya kitabu wasichoweza kukisoma.

Wapo watakaosema Kiingereza kilimfikisha Ngugi mbali. Kweli kabisa. Ila hata yeye hatimaye alirudi kuandika kwa Kigikuyu, akitafuta wasomaji aliowaacha kijijini.

Sasa sisi wa Msalato je? Kiswahili tunacho tayari, basi tusijisifu mapema. Nenda mnadani Jumamosi, usikilize wachuuzi na wafugaji: Kigogo na Kiswahili vinapokezana bila kuombana ruhusa. Marehemu Hukwe Zawose, mwana wa mkoa huu, aliufikisha muziki wa Kigogo nchi za mbali, lakini katika insha zetu za uhakiki nyimbo za Wagogo ni nadra kama mvua ya Agosti. Tukiendelea hivyo, Kiswahili nacho kitakuwa mlango uleule wa Makerere, na safari hii walinzi wake ni sisi.

Napendekeza kila toleo la jarida letu litenge kurasa kwa tungo za Kigogo, pamoja na tafsiri na uhakiki wake. Anayepinga na aandike, tujibizane.