Mcheduara na Mlinganyo Wake

Mcheduara ni umbo lenye vitako viwili vya duara, vilivyo sawa na sambamba, vikiunganishwa na uso mmoja uliopinda. Vitabu vya hisabati vya shule za msingi Tanzania vinalijua jina hili vizuri. Wapo hata hivyo wafasiri, pamoja na kamati zao, wanaong'ang'ania "silinda" kwa madai kuwa ndilo neno la kimataifa. Silinda inayo kazi yake tayari: kwa fundi wa gereji ni chumba cha injini ambamo pistoni hupanda na kushuka.

Asili ya silinda ni Kigiriki, kylindros, kutoka kitenzi cha kubingirisha. Maana hiyo haibainishi umbo, kwani tufe nalo hubingirika. Mcheduara limeundwa kwa maneno mawili yaliyo hai. Mche ni mmea mchanga wa kupandikiza. Ni pia kipande kirefu cha sabuni, ambacho kikikatwa popote kwa kukingama hutoa sura ileile. Maana hii ya pili ndiyo iliyofaa jiometria, ikazaa mche mstatili na mche pembetatu. Duara ni la Kiarabu, la mzizi mmoja na duru, na wazo lake ni kuzunguka.

Wapinzani husema kitako cha mche lazima kiwe na pembe. Kwa fasili kali wana haki, ila wanasahau alichoeleza Mwitalia Cavalieri mwaka 1635: maumbo mawili ya kimo kimoja, ambayo mikato yake ina eneo sawa katika kila kina, yana ujazo sawa. Kwa hiyo kanuni ni moja kwa jamii nzima: eneo la kitako mara kimo. Kitako kikiwa duara, V = πr²h. Jina limeibeba kanuni. Silinda humwachia mwanafunzi mzigo wa kukariri.

Vipimo hutafutwa kwa kanuni hiyohiyo. Ikiwa kimo kinazidi nusukipenyo kwa sentimita 4, na ujazo ni sentimita za ujazo 225π, basi r²(r + 4) = 225, yaani r³ + 4r² − 225 = 0. Huu ni mlinganyo wa polinomia wa kipeo cha tatu. (Polinomia lenyewe ni chotara wa Kigiriki na Kilatini, wapenzi wa umataifa na walifurahie.) Vigawanyo vya 225 vikijaribiwa, 1 na 3 havifai, 5 inafaa. Mlinganyo huwa (r − 5)(r² + 9r + 45) = 0, na mabano ya pili hayana jawabu halisi, kwa kuwa 81 − 180 ni hasi. Nusukipenyo ni sentimita 5, kimo sentimita 9.

Wingi ni micheduara. Huandikwa neno moja, ingawa wahariri fulani bado hulipasua.