Maneno Madogo na Kitenzi: Ushahidi wa Kihistoria kutoka Mashamba ya Thika na Ruiru

1. Utangulizi

Kila lugha ina maneno makubwa na maneno madogo. Makubwa hutaja vitu na vitendo. Madogo huonyesha jinsi vitu na vitendo hivyo vinavyohusiana. Mwanafunzi wa lugha ya kigeni mara nyingi hashindwi na maneno makubwa, kwa sababu hayo yamo katika kamusi. Hushindwa na madogo. Anayejifunza Kiingereza, mathalan, akishajua kwamba 'give' ni kutoa au kupa, huambiwa kuwa 'give up' ni kukata tamaa, 'give in' ni kukubali kushindwa, na 'give out' ni kugawa au pengine kuisha. Neno 'up', ambalo maana yake ya msingi ni juu, huonyesha pia kwamba tendo limekamilika: 'eat up' ni kula mpaka kumaliza, ingawa hakuna kinachopanda popote.

Kiswahili hupanga kazi hiyo kwa namna nyingine. Sehemu kubwa ya mzigo unaobebwa na maneno madogo ya Kiingereza hubebwa na viambishi vilivyomo ndani ya kitenzi chenyewe. Mipangilio hii miwili ilikutana ana kwa ana katika mashamba ya walowezi wa Kenya, na eneo la Thika na Ruiru ni miongoni mwa mahali ambapo mkutano huo ulianza mapema na kudumu. Makala haya yanachunguza matokeo yake kwa kufuata maneno mawili, 'kwa' na 'juu', pamoja na kitenzi kimoja cha barabarani. Swali lililo nyuma ya uchunguzi huu ni la kihistoria: Kiswahili cha bara kilitungwa na nani?

2. Kazi ya viambishi

Tuchukue shina la 'funga'. Kutokana nalo tunapata 'fungua', 'fungia', 'fungisha', 'fungana', 'fungika', 'fungwa' na 'fungulia'. Kila kiambishi kina kazi inayoelezeka, lakini si kila mara kazi hiyo ni nyepesi. Kauli ya kutendea, yaani ile yenye '-i-' au '-e-', hufundishwa kwa kawaida kuwa ni ya kufanya jambo kwa ajili ya mtu. Hata hivyo, mtu aliyehama Thika ameiacha Thika, na mtu aliyehamia Thika sasa yuko Thika. Aliyemkimbia nyoka ameokoka, bali aliyemkimbilia nyoka amejitafutia msiba. Kiambishi kimoja kimegeuza mwelekeo wa tendo zima. Aidha, kauli hiyo inaporudufiwa huweza kutilia tendo mkazo na ukamilifu: kitu kinachotupwa huenda kikaokotwa, lakini kilichotupiliwa mbali hakitarajiwi kurudi. Hapo '-ili-' inafanya kazi iliyo karibu sana na ile ya 'up' katika 'eat up'.

Wala isidhaniwe kwamba Kiswahili hakina maneno madogo yanayoandamana na kitenzi. 'Kumfungia mtu nje' na 'kumfungia mtu ndani' ni vitendo viwili vilivyo kinyume, na kinachovitenganisha ni kielezi tu. Tofauti na Kiingereza ni kwamba kielezi hicho hakiachiwi kazi yote. Kauli ya kutendea imekwisha kukitengenezea mahali. Kiambishi na neno dogo hushirikiana.

Mpango huu haukuwa mgeni kwa Wabantu wa sehemu za Thika. Mgikuyu hufunga mlango kwa 'hinga' na kuufungua kwa 'hingũra'. Mkamba husema 'vinga' na 'vingũa'. Mgikuyu 'huruga' chakula, na akimpikia mtu husema 'rugĩra'. Lugha zao zina hata kiambishi cha mahali kinacholingana na '-ni' ya Kiswahili. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwa sababu imezoeleka kusemwa kwamba Kiswahili cha bara kilipoteza viambishi kwa kuwa watu wa bara hawakuvielewa.

3. Mashamba na lugha ya amri

Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913. Kabla ya hapo walowezi walikwisha kuanza kumegewa ardhi katika nchi iliyo kati ya mto Ruiru na mto Chania, na mkonge ulikuwa ukilimwa Punda Milia, upande wa Makuyu. Kahawa ilienea Ruiru na Thika hata kituo kikuu cha utafiti wa zao hilo kikawekwa Ruiru, na humo ndimo ilimotoka, mwaka 1985, aina ya mibuni iitwayo Ruiru 11. Elspeth Huxley, ambaye wazazi wake walianza shamba karibu na Thika wakati ule ule reli ilipofika, aliyasimulia maisha hayo kwa macho ya walowezi katika kitabu chake cha mwaka 1959.

Wafanya kazi walikuwa Wagikuyu na Wakamba wa jirani, na baadaye Waluo, Waluhya na wengineo waliotoka mbali. Wenye maduka wengi walikuwa Wahindi. Wanaume wengi wa Kenya walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi katika vita vya 1914 hadi 1918, na waliosalimika walirudi na Kiswahili walichokisikia katika kampeni ya Tanganyika. Kuanzia mwaka 1920 kipande kilitumika kumdhibiti kila mwanamume Mwafrika aliyekwenda kutafuta kazi. Kiswahili kikawa lugha ya pamoja, lakini kati ya bwana na mtumishi kilikuwa lugha ya upande mmoja: mmoja aliamuru na mwingine aliitika.

Lugha ya amri haihitaji mengi. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha Kiswahili cha bara kwa ajili ya askari, setla, mchimba madini, mfanya biashara na wake zao, nacho kilipigwa chapa tena na tena. Kitabu hicho kilitangaza waziwazi kwamba Kiswahili chake kimerahisishwa. Lugha ya namna hii, ambayo Anthony Vitale aliieleza mwaka 1980 kwa jina la Kisetla, hukiacha kitenzi kikiwa kitupu. Badala ya 'niletee chakula' husemwa 'leta chakula kwa mimi'. Badala ya 'mpikie bwana' husemwa 'pika chakula ya bwana'. Badala ya 'weka mezani' husemwa 'weka kwa meza'. Msemaji amefanya kama ilivyo katika Kiingereza: amekiacha kitenzi kama kilivyo na kuutwika uhusiano wote neno dogo linalofuata.

Ikiwa uchunguzi ungekomea hapa, jawabu la swali letu lingekuwa rahisi: Kiswahili cha bara ni kazi ya setla, na wengine wamekirithi. Maneno yenyewe, hata hivyo, yanatoa ushahidi mwingine.

4. 'Kwa' na 'juu'

Neno 'kwa' ndilo lililotapakaa zaidi. Msemaji wa Thika hata leo husikika akisema kwamba kitabu kiko 'kwa meza' na watoto wako 'kwa shamba'. Ni kweli kwamba matumizi haya yanalingana na mazoea ya Kiingereza, ambacho huweka neno dogo kabla ya jina. Lakini Kijaluo nacho hufanya hivyo, na Kijaluo kilisemwa na watu walioshiriki kambi moja na Wagikuyu kwa miaka mingi kuliko setla yeyote alivyoshiriki. Zaidi ya hayo, Kiswahili cha pwani kilikwisha kuwa na 'kwa' ya mahali, ila iliambatana na mtu: 'kwa Juma' ni nyumbani kwa Juma. Kigikuyu nacho kina umbo hilo hilo. Katika nchi ambamo kila shamba lilijulikana kwa mwenyewe, kwenda kazini kulikuwa ni kwenda kwa fulani. Yaelekea kwamba safari ya kutoka 'kwa fulani' hadi 'kwa shamba' haikuwa ndefu, wala haikuhitaji Kiingereza kuionyesha njia.

Ushahidi wa 'juu' una nguvu zaidi. Katika Kiswahili cha bara nchini Kenya 'juu ya nini?' ni sawa na 'kwa nini?', na vijana wa mijini husema 'juu' peke yake wakiwa na maana ya 'kwa sababu': 'sikuja juu nilikuwa mgonjwa'. Ingeweza kudhaniwa kwamba hii ni fasiri ya Kiingereza. Lakini 'up' ya Kiingereza, pamoja na kazi zake zote, haiulizi sababu. La muhimu zaidi ni kwamba 'juu ya nini' yenye maana hiyo hiyo husemwa Lubumbashi, katika migodi ya shaba ya Katanga, ambako lugha ya watawala ilikuwa Kifaransa. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alichunguza historia ya Kiswahili katika Kongo ya Kibelgiji. Setla wa Thika hakuwafundisha wachimba shaba wa Lubumbashi.

Asili ya maana hiyo imo katika Kiswahili cha pwani chenyewe. Huko mtu husema 'juu ya' jambo, yaani kulihusu. Na wajibu ukiwa ni wako, huwa 'ni juu yako'. Kiarabu nacho hutumia neno lake la 'juu' kwa deni na wajibu. Kutoka katika jambo linalohusika hadi katika jambo linalosababisha ni hatua moja. Watu wa bara, wakiwa Thika au Lubumbashi, waliichukua hatua hiyo kwa kutumia mali iliyokuwa tayari ndani ya lugha.

5. Kitenzi cha barabarani

Kama viambishi vingekuwa vimekufa midomoni mwa watu wa bara, vingekuwa vimekoma kuzaa. Barabara ya kutoka Nairobi kupita Ruiru na Juja hadi Thika, ambayo upanuzi wake ulizinduliwa rasmi mwaka 2012, inathibitisha kinyume cha hayo. Abiria wa matatu anayetaka kuteremka humwambia utingo amshukishe. 'Shukisha' si neno la Kiswahili sanifu, ambacho kina 'shusha'. Lakini watu wamegawa kazi: mzigo hushushwa, abiria hushukishwa. Mahali ambapo Kiingereza kingeongeza neno 'off' baada ya kitenzi, msemaji wa Thika ameongeza kiambishi cha kutendesha ndani yake, tena kwa kanuni timilifu, kama 'pikisha' inavyotoka katika 'pika'. Hakuna kitabu cha amri kilichomfundisha hivyo.

6. Hitimisho

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikausimamia uamuzi huo. Tangu mwaka 1985 somo la Kiswahili limekuwa la lazima katika shule za Kenya, za msingi na za sekondari. Hapana shaka kwamba mwanafunzi wa Thika anastahili kufundishwa 'mezani' na 'kwa sababu', kwani ndivyo atakavyoeleweka Zanzibar, Dodoma na Lamu. Lakini anapoelezwa kwamba 'juu' yake ni masalio ya amri za setla, huelezwa jambo lisilo la kweli, na pamoja na hayo hunyang'anywa sehemu ya urithi wake. Kisetla kilikuwapo, na alama zake zaweza kuonyeshwa katika 'leta kwa mimi'. Mazungumzo ya kambini baada ya kazi, ya sokoni na ya garini yalikuwa mengine, na wenye kuyaendesha walikuwa watu waliolelewa katika lugha zenye viambishi na walioujua uwezo wake.

Lililobaki kwa idara za lugha ni kazi ya kukusanya. Waliofanya kazi katika mashamba hayo kabla ya uhuru wa 1963 wanapungua mwaka hata mwaka, na usemi wao haukuandikwa kwa bidii ileile iliyotumika kuandika amri walizopewa.