Shukrani ya Mpita Njia katika Buganda

Nilipokuwa nikikaa Uganda, katika nchi ya Buganda, asubuhi moja nalipalilia kibustani changu kando ya njia. Akapita mzee nisiyemjua, akasimama, akasema, "Gyebale, ssebo." Ssebo ni kama "bwana", lile la kwanza sikulijua. Nikadhani anadai haki ya shamba, nikamjibu kwa Kiswahili kwamba kiwanja hiki nimepewa mimi. Akacheka kwa upole, akaenda zake. Jioni jirani akanieleza kwamba nalishukuriwa, nami nimeikataa shukrani.

Neno hilo ni la ukoo mmoja na weebale, yaani asante. Lakini weebale ni kwa jambo ulilotendewa; gyebale humshukuru mtu kwa kazi aliyo nayo, hata ikiwa haikufai kitu wewe upitaye. Sisi husema "pole kwa kazi", na ni neno jema. Ila pole yauonea huruma uchovu, na hili laiheshimu kazi. Mwenye kujua adabu huitika, "Naawe gyebale," na Mswahili hana haja ya kufasiriwa naawe.

Adabu hii kwa wageni haikuanza jana. Wafanya biashara wa pwani walifika Buganda katika miaka ya 1840, zamani za Kabaka Suna. Wamisionari wa CMS mwaka 1877, na Mapadre Weupe mwaka 1879, zamani za Mutesa. Huko mgeni alikaribishwa kwa buni zilizochemshwa na kukaushwa, akazitafuna. Mtu wa pwani, aliyezoea kahawa ya kikombe barazani, bila shaka alizigeuza geuza mkononi kwanza, kama nilivyofanya mimi.

Buni hizo ndizo zilizotumika zamani katika kuchanjiana udugu. Tunda moja lina punje mbili: kila mtu aliipaka punje yake damu ya tumbo lake, akampa mwenziwe aimeze. John Roscoe wa CMS aliieleza desturi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1911 juu ya Waganda. Sisi waalimu tukiisoma habari hiyo huitazama damu tu. Mimi naona tumelisahau tunda: punje mbili zilizolala ndani ya ganda moja, nazo ni chakula kile kile alichopewa mgeni mlangoni.

Yule mzee alipita tena baada ya majuma mawili. Nalikuwa nimekaa kivulini, sina jembe wala kitabu. Akanishukuru vile vile. Naliona haya, lakini safari hii naliitikia.