Halima wa Kwihara, aliyetaka aambiwe tu aingie ndani



Kila msimu wa harusi kungwi humwambia mwari neno lile lile: ukigombana na watu wa nyumbani, usichukue buibui lako ukatoka. Kutoka ni rahisi, kurudi ndiyo kazi. Nami nilifunzwa hivyo. Lakini nimesoma habari za mwanamke aliyetoka kwa hasira zaidi ya miaka 150 iliyopita, bara kabisa, huko Tabora, na namna alivyorudi haijanitoka kichwani.

Jina lake Halima. Mwenye nyumba aliyoitoka hakuwa mumewe, wala hakuwa Muislamu. Alikuwa mmishenari wa Kikristo kutoka Uskoti, David Livingstone, na ndiye aliyekiandika kisa hicho kwenye daftari lake la safari, ambalo rafiki yake Horace Waller alilichapisha London mwaka 1874, baada ya kifo chake. Najua baadhi yenu mtauliza mmishenari anatuhusu nini sisi. Subirini kidogo. Tunazungumzia jiko, na jiko lilikuwa la Halima.

Tuanze na mahali. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ng'ambo ya pili tu kutoka kwetu Unguja, ikapanda bara hadi Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Waarabu wa Omani na Waswahili wa pwani walikuwa wamejenga Tabora nyumba zao za tembe, zenye kuta nene za udongo na paa bapa. Wengi mmesikia kwamba miembe ya Tabora ni alama ya njia hiyo. Pembe za ndovu zilipita hapo zikishuka pwani, nguo na shanga zikipanda, na watumwa pia walipita hapo, tusijifiche. Kwihara ni kitongoji kilomita chache kutoka mjini. Tembe alimokaa Livingstone leo ni makumbusho.

Livingstone aliingia Kwihara Februari 1872 pamoja na Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani aliyemkuta Ujiji. Tarehe 14 Machi Stanley akaondoka kwenda pwani kumtafutia wapagazi. Livingstone akabaki kuwangoja. Alingoja miezi mitano. Vita vya Mirambo, mtawala wa Urambo, vilikuwa bado vinaitikisa nchi, mwaka mmoja tu tangu watu wake wauchome mji wa Tabora. Mzee wa miaka 59, meno yamekwisha, tumbo linamsumbua, hana la kufanya ila kusoma, kuandika, kutazama ndege wanavyolisha makinda, na kula anachopikiwa na Halima.

Halima alikuwa mke wa Amoda, mmoja wa watu wa Livingstone wa siku nyingi. Stanley amemweleza vizuri katika kitabu chake, maana alimkuta Ujiji siku ile ya mkutano maarufu. Wanaume wawili wako barazani wanaongea, Halima anachungulia kutoka jikoni ahakikishe kweli ni wageni wawili wa Kizungu. Mbio ndani, mbio nje. Shida yake ilikuwa ile ile ya mwanamke yeyote aliyevamiwa na mgeni mkubwa bila taarifa: ghalani hamna kitu, na heshima ya nyumba iko mikononi mwake. Alikuwa akihofu pia kwamba bwana wake hathamini mapishi yake, kwa vile yule mzee alikuwa mgonjwa na alikula kidogo sana. Siku hiyo Livingstone alikula, akala tena, na Halima akasimama mlangoni mwa jiko akiwahutubia majirani kwa sauti iliyofika hadi barazani. Mimi namwona kabisa! Namwona bibi yangu siku ya maulidi.

Basi Kwihara, katika miezi ile ya kungoja, Halima akagombana na Ntaoeka.

Ntaoeka alikuwa mwanamke kijana, mzuri wa sura, aliyejiunga na msafara bila mume. Livingstone, kwa tabia ya wazee, aliona haifai mwanamke mzuri akae hivyo hivyo kati ya wanaume, akampendekezea aolewe na mmoja wa vijana wake. Ntaoeka alicheka tu. Vijana wenyewe hawakuvutia, na Livingstone anakiri hivyo bila huruma: Chuma alikuwa mvivu, na wengine hawakuwa na sura. Chuma akajitetea kwamba uvivu wake unatokana na kukosa mke! (Dada zangu, mmeshawahi kulisikia hilo?) Mwishowe wanawake wengine wa msafara ndio walioshinikiza Ntaoeka aolewe, akamkubali Chuma. Toka siku hiyo, anaandika Livingstone, Ntaoeka alikuwa wa kwanza kuamka asubuhi za baridi, akiwasha moto, akichota maji, akitwanga, akifagia, akipika.

Akipika. Hapo mimi naliona chimbuko la ugomvi, ingawa Livingstone hakusema sababu. Jiko moja, wanawake wawili, mmoja mkongwe wa nyumba na mmoja bi harusi mwenye bidii mpya. Kila mwenye wifi analijua hilo.

Halima akatoroka. Livingstone akaenda hadi kwa jirani yake Mwarabu, Sultan bin Ali, akatuma barua imfuate. Kumbe haikuhitajika. Halima alirudi mwenyewe, ila hakuingia. Akasimama nje. Alichotaka ni kitu kimoja: yule mzee atoke, amwambie aingie.

Akatoka, akamwambia aingie, akaongeza tu kwamba wasigombane tena.

Ni hayo tu. Angeweza kukaa ndani kwenye kiti chake akisubiri aombwe radhi. Tena kwa mizani ya zama zile yeye alikuwa bwana na Halima mtumishi. Badala yake jioni hiyo akaandika sifa zake: kwamba tangu alipompata hajawahi kumkaripia hata mara moja, kwamba ni mwangalifu na mwerevu, kwamba haibi wala hamwachi mumewe aibe. Kosa hili moja, akasema, linasameheka kirahisi. Na kwa vile ilikuwa kipupwe na usiku wa Unyanyembe una baridi kali, akampa nguo nzito ya kujifunika, ili ajue kwamba hana kinyongo naye.

Sasa nije kwenye imani yake, maana haiwezekani kuitenga na kisa hiki. Siku tano baada ya Stanley kuondoka, tarehe 19 Machi 1872, ilikuwa siku ya kuzaliwa kwake. Humo humo Kwihara aliandika dua fupi ya kujikabidhi upya kwa Mola wake, kwa lugha ya dini yake. Kabla ya hapo, akiwa amekwama Manyema, aliisoma Biblia yote mara nne. Aliamini kwamba Mungu anaziongoza hatua zake, hata zile zilizoonekana kupotea. Sisi hatukubaliani naye katika itikadi, na hakuna haja ya kulizungukazunguka hilo. Lakini anayeamka alfajiri akasema tawakaltu anajua alikuwa akitafuta nini.

Naye uongozi huo ulimfikia mara nyingi kupitia mikono ya Waislamu. Mwanzoni mwa 1869, alipoumwa mapafu hata hawezi kusimama, mfanyabiashara Muhammad bin Gharib ndiye aliyempa dawa na kuagiza abebwe kwenye kitanda. Alipofika Ujiji Oktoba 1871 amechoka kabisa, alikuta mali yake yote imeuzwa na mtu aliyeitwa Sherif, aliyekuwa amepewa dhamana ya kuitunza. Sherif alidai amepiga bao kwa Kurani akaona mwenye mali amekufa. Nilipolisoma hilo niliona aibu. Lakini katika mji huo huo, siku hizo hizo, Syed bin Majid alimwendea faraghani akamwambia kwamba nguo hana ila pembe anazo, akubali auze pembe ampe yeye bidhaa. Livingstone alikuwa amejifananisha na yule mtu wa hadithi ya Injili aliyeporwa njiani, na hakutarajia Msamaria yeyote. Msamaria mmoja alikuwa Mwarabu mwenye pembe.

Ningependa kuishia hapo, picha ingekuwa nzuri. Haiwezekani.

Kwanza kuna Mary, mkewe. Mzee huyu aliyetoka nje kumbembeleza mpishi ndiye aliyemwacha mkewe miaka na miaka, mara akamrudisha Uingereza na watoto, mara akakutana naye safarini, hadi Mary akafa kwa homa Shupanga, kando ya mto Zambezi, mwaka 1862. Yeye mwenyewe aliandika kwamba anajuta kutotenga muda wa kucheza na watoto wake. Huenda upole wa Kwihara ni upole wa mtu aliyejifunza kwa kuchelewa. Bi harusi unayesoma hapa, usikubali kuwa mwanafunzi wa mume wa namna hiyo.

Pili kuna neno moja katika sifa zile za Halima. Baada ya kumsamehe, Livingstone anaandika kwamba tukifika Unguja atamwacha huru, na atamnunulia nyumba na bustani.

Atamwacha huru! Nililisoma mara tatu. Maana yake siku ile Halima aliposimama nje ya tembe, hakuwa huru. Livingstone alimpata kutoka kwa mfanyabiashara wa njia ile ile. Na mwenye nyumba ndiye mtu ambaye Julai 1871, kule Nyangwe, aliona wanawake wa sokoni wakipigwa risasi na watu wa wafanyabiashara, mamia wakafa, wengi wao kwa kuzama mtoni. Habari aliyoiandika ilisaidia kuichochea Uingereza imbane Sayyid Barghash, na soko la watumwa la Unguja likafungwa Juni 1873. Mtu huyo huyo, uhuru wa mwanamke aliyempikia aliuweka kwenye ahadi ya baadaye, baada ya safari. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Nadhani aliona anamtunza vizuri, na anayetunza vizuri huwa rahisi kusahau kuuliza. Tunapozungumzia mapenzi na huruma kwenye hotuba za nikah, mimi siku hizi namkumbuka Halima na nguo yake nzito. Nguo alipewa siku ile ile.

Wapagazi walifika Agosti, na tarehe 25 msafara ukaondoka Kwihara kuelekea kusini, Halima akiwamo. Mvua, matope hadi kifuani, njaa. Mwanzoni mwa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo, vijana wake walimkuta Livingstone alfajiri amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa.

Wakauzika moyo wake chini ya mti, mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba. Susi na Chuma, mume wa Ntaoeka, ndio waliokuwa mbele, lakini msafara ulikuwa na wanawake pia, na watoto. Mtoto mmoja wa kike, Losi, aliumwa na nyoka njiani akiwa na mtungi wa maji kichwani, akafa hapo hapo. Oktoba walifika tena Tabora. Walimkuta Luteni Cameron, aliyetumwa kumsaidia Livingstone, na yeye akashauri wamzike papo hapo Unyanyembe, njia ya mbele ina hatari. Wakakataa. Mbele, Kasekera, wenyeji walikataa maiti isipite, wakafunga mzigo wa uongo wakajifanya wanaurudisha Tabora, huku mwili wenyewe wameuviringisha kama bunda la nguo za biashara. Wakafika Bagamoyo Februari 1874, baada ya karibu miezi tisa.

Mwili ukavushwa Unguja kwa manowari ya Kiingereza, na tarehe 18 Aprili ukazikwa London, katika kanisa la Westminster. Hivyo mtu aliyeahidi nyumba na bustani alifika Unguja kweli, akiwa ndani ya sanduku. Kwa mkono wake ahadi ile haikutimizwa. Mwandishi wa Zimbabwe, Petina Gappah, alitoa riwaya mwaka 2019 ambamo nusu ya masimulizi ya safari ile ameyaweka kinywani mwa Halima, na nilifurahi kuona mtu mwingine naye amemsimamisha mlangoni mwa jiko lake na kumwacha aseme.

Kwetu hapa, ukitoka Malindi kuelekea Gulioni, kuna jengo la zamani la Sayyid Majid ambamo Livingstone alikaa mwaka 1866 akijiandaa kwa safari yake ya mwisho. Alikaa kwa muda mfupi tu, lakini mpaka leo linaitwa Nyumba ya Livingstone. Nikipita hapo kwenye daladala hutazama viwanja vya jirani, nikachagua kimoja chenye mwembe, nikakihesabu kuwa ni cha Halima.