Paka na matunda: gani haina shida, gani ni ya kumukatalia

Kwetu Kivu, Ituri ao Maniema, paka hafugwe kwa kubembelezwa tu. Analinda maharagi na muhindi, panya wasimalize. Lakini chakula yake mara mingi ni mabaki: bugali, ndizi, na wakati wa maembe hata ngozi za embe.

Kipande kidogo cha ndizi mbivu, papai ao embe, bila ngozi wala kokwa, hakiue paka mukubwa. Lakini hakimusaidie pia. Paka ni mula nyama. Mwaka wa 2005 watafiti wa kituo cha Monell, kule Marekani, walionyesha kwamba ulimi wake hausikie hata utamu wa sukari. Akiramba avoka, pengine anafuata mafuta. Sisi watu tunapata vitamini A ndani ya papai na embe. Mwili wa paka hauwezi kuitoa mule, unaitafuta ndani ya maini na samaki. Vitamini C, anajitengenezea mwenyewe.

Kitu kingine anachohitaji ni taurini, na hiyo iko ndani ya nyama na samaki. Paka anayelishwa bugali na ndizi miezi na miezi, bila kupata hata panya, anaweza kupofuka, na moyo wake unalegea. Paka kipofu atakamata panya gani? Kichwa cha samaki ao sambaza chache zilizopikwa zinamufaa kuliko papai nzima.

Sasa ya kumukatalia. Zabibu, mbichi na kavu, juu zinaweza kuharibu figo. Malimau na machungwa, zaidi ngozi yake, iko na mafuta makali. Kokwa ya avoka inaweza kumukaba. (Na majani ya avoka ni sumu kwa mbuzi na sungura, usiwatupie.)

Lakini hatari yenye watu wengi hawaone haiko kwenye matunda: ni muchuzi. Vitunguu, na vitunguu saumu pia, vinavunja damu ya paka, hata vikiwa vimepikwa.

Akitapika sana, akikataa kula siku nzima ao akiacha kukojoa, umupeleke kwa daktari wa wanyama. Usimupe parasetamoli ya nyumbani: kidonge kimoja tu kinaweza kumuua.